Muhuri wa Pomboo

Nilijiunga na jimu kwa sababu nilitaka kuinua wagonjwa. Cheka kama unataka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa Durban, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia, nami nasuka nywele katika saluni ya mama mmoja wa Kikongo kama mimi, katikati ya jiji. Nilikuwa nimepata nafasi katika kozi ya kutunza wagonjwa majumbani, kozi ambayo ingenitoa kwenye kusimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Ada yake ilikuwa tayari benki. Ilitakiwa ilipwe yote kwa pamoja mwisho wa mwezi, na aliyepungukiwa nafasi yake ilipewa mwingine aliyekuwa akingoja.

Jumamosi moja nilipita kwenye maduka ya Overport, karibu na nyumba nilimopanga chumba. Mlangoni alisimama muuzaji wa jimu na meza yake, fulana imembana kifua, meno yote nje. Akaniita "my sister". Akaniuliza nafanya kazi gani, nami, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamwambia ya sasa na ya kesho. Akautazama mkono wangu kama mtu anayechagua kuku sokoni. Kwa mkono huu, akasema kwa Kiingereza chake kitamu, utamwinua mgonjwa gani? Aliniudhi, kwa sababu swali hilohilo nilikuwa nikijiuliza usiku kitandani.

Nikajaza fomu yake. Jina, simu, namba ya benki, na saini kila mahali alipokuwa ameweka alama. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la watu wa kwetu. Nilipomaliza niligeuza karatasi mbele na nyuma nikitafuta muhuri, sikuuona, nikatulia kabisa. Uvira nilikozaliwa, karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Unaweza kusaini mpaka wino uishe. Mpaka mkubwa fulani afungue droo, atoe cachet yake, aipulizie pumzi na kuigonga, hakuna kilichotokea duniani. Nikajua nimeandikisha nia tu, na kwamba siku nikiamua nitarudi wagonge, tuanze. Nikapewa begi la bluu la zawadi, nikaenda nyumbani nikilitingisha begani.

Alhamisi mchana simu ikaleta ujumbe. Karibu katika familia yetu, ulisema, na tarehe ishirini na tano tutakata benki ada ya kujiunga pamoja na miezi miwili ya kwanza. Nilikuwa nimeshika msuko wa mteja. Niliuvuta bila kukusudia, mteja akapiga kelele, na Mama akainua macho kutoka kwenye daftari lake.

Mwenye saluni sote tulimwita Mama. Alikuwa mnene, wa taratibu, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi aliousuka mwenyewe kwa nywele za bandia. Zamani, Kalemie, alikuwa sekretari katika ofisi ya reli, na mimi nadhani hakuwahi kuacha kazi ile. Alihama nayo tu. Kila kitu alikiandika mara mbili. Bomba likivuja, hakumpigia simu mwenye jengo: aliandika barua, akatengeneza nakala, akaipeleka kwa miguu, na mwenye jengo alitakiwa kusaini ile nakala kwamba ameipokea. Tulimcheka sana kwa hilo. Mimi ndiye niliyemwiga vizuri kuliko wote, hata mwendo wake, miwani puani na bahasha kifuani.

Nikamweleza. Hakupandisha sauti, na afadhali angeipandisha.

"Iko na cachet?" nilijitetea. "Mama, haina cachet hata moja. Ni karatasi tu."

"Kwetu ni karatasi tu," akasema. "Hapa, we mutoto, signature yako peke inatosha. Uliandika jina, ulisigna, ulitoa numéro ya banque. Ulikuwa unangoja nini ingine? Leta hiyo contrat."

Nikaitoa kwenye begi la bluu. Akavaa miwani, akafukuza watu kwenye kiti cha dirishani, akaanza kusoma. Kiingereza chake hakikuwa kizuri. Alikisoma polepole kwa kidole, akipita kwenye mlango wa Kifaransa kila alipokwama, na hakuruka neno. Kurasa zote nne, hata yale maandishi ya chini madogo kama chawa, ambayo mimi nilidhani ni mapambo. Ilimchukua saa nzima. Nilikuwa nikimwona kwenye kioo huku nikisuka, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuchekesha.

"Iko hapa," akasema mwishoni, na kidole chake hakikutoka mahali pale. "Kama walikufuata wao kukuuzia, uko na siku tano za kazi za kubadilisha mawazo. Kwa kuandika. Bila kusema sababu. Ulisigna samedi. Lundi, mardi, mercredi, leo. Inabaki kesho."

Nikasema basi nitawapigia simu sasa hivi. Akanitazama kwa huruma.

"Simu inaonyesha nini? Inaandikwa wapi?"

Jioni ile tulikwenda kwenye duka la intaneti, yeye akisema, mimi nikitafsiri, mwenye duka akichapa. Barua ya kuacha jimu ilianza kwa kumwambia bwana mkurugenzi kwamba nina heshima kubwa ya kuja mbele yake. Mwenye duka alicheka mpaka akaacha kuchapa. Mama akangoja amalize kucheka, kisha akaendelea pale alipoishia: kwamba ninavunja mkataba ndani ya siku zinazoruhusiwa, kwamba namba yangu ya benki isiguswe, kwamba begi la bluu linarudishwa likiwa zima. Tukatoa nakala mbili.

Watu wa saluni wanajua Ijumaa ni nini. Ndiyo siku ya harusi za kesho na ibada za Jumapili, na viti havitoshi. Saa nne asubuhi Mama aliwaacha wanawake wawili chini ya mashine ya kukaushia, akamwomba wa tatu avumilie na kichwa nusu, akachukua mkoba. Nilimwambia naweza kwenda peke yangu. "Utaacha barua kwa meza na kurudi," akasema. "Nakujua." Alinijua kweli, maana ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jimu ilikuwa na vioo kila mahali na muziki wa kupasua kichwa. Msichana wa mapokezi aliichukua barua, akasema sharp, mama, yaani sawa, atampa meneja, akaiweka chini ya chupa yake ya maji. Mama hakuondoka. Akatandaza ile nakala ya pili kaunta.

"Andika umepokea," akamwambia kwa Kiingereza chake cha kusukuma. "Jina. Tarehe. Saa. Na stampu."

"Eish, mama, hatuna stampu hapa."

"Kila ofisi iko na stampu."

Nyuma yetu walisimama wanaume wawili wenye taulo. Nilitamani sakafu inimeze. Msichana akaangalia huku na huku, kisha, nadhani kwa kutaka tu kuondokewa na bibi huyu, akafungua droo na kutoa muhuri wa plastiki. Ulikuwa ule wa kugonga mkononi wageni wanaolipia bwawa kwa siku moja. Akaugonga kwenye nakala yetu, na akatokea pomboo mdogo wa bluu anayeruka, mkia wake umekatika kwa sababu mpira ulikuwa umelika. Mimi nikaanza kucheka. Mama akamshukuru kwa heshima zote, akangoja aandike jina lake na saa pembeni ya pomboo, akangoja pia aandike kwamba begi limerudi. Halafu akapulizia wino ukauke. Wale wateja wa saluni tuliwakuta wamenuna, na Mama aliwaomba radhi mmoja mmoja.

Ingekuwa hadithi fupi kama ingeishia hapo. Siku tatu kabla ya tarehe ishirini na tano ujumbe ukaja tena: tunakukumbusha, makato yanakaribia. Nikapiga simu. Sauti ya mwanamke ikaniambia hakuna barua yoyote kwenye faili langu, na siku zangu za kubadili mawazo zimekwisha zamani. Nilitukana kwa Kiswahili, nikakata, nikalia mbele ya wateja. Niliiona kozi yangu inakwenda, na niliona nitasimama nyuma ya vichwa vya watu mpaka nizeeke. Mama alifunga daftari, akafungua kopo la biskuti alilohifadhi karatasi zake, akatoa pomboo.

Safari hii tulimwona meneja mwenyewe, mwanamume mwenye haraka, saa kubwa mkononi. Alisoma nakala yetu, akatabasamu vibaya. Yule msichana ameacha kazi, akasema, na mchoro wa mtoto kama huu mtu yeyote anaweza kuununua dukani. Nikafungua mdomo kumjibu, na nilikuwa na majibu mazuri sana. Mama akanigusa mkono.

"Tafadhali," akamwambia. "Lete stampu ya bwawa."

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni ile sauti, sauti ya mtu aliyewahi kuwaita wakubwa wengi waje wasaini. Muhuri ukaletwa. Mama akamwomba augonge mwenyewe, kando ya ule wa kwanza. Meneja akagonga. Pomboo wawili, bluu moja, mikia imekatika mahali pamoja, na hata tone dogo la wino chini ya tumbo lilikuwa lilelile. Meneja akawatazama wale pomboo, akavuta simu ya mezani, akasoma namba ya mkataba wangu, akasema ufutwe leo, barua ilifika kwa wakati.

Nilitaka kuruka. Mama alikuwa bado amekaa.

"Asante, monsieur," akasema. "Sasa hiyo uliyosema kwa simu, uiandike. Copies mbili."

Akaandika. Na mimi, niliyekuwa nimemwiga mwanamke huyu mwaka mzima ili watu wacheke, nilikaa pembeni yake nikiwa na fahari ya kuonekana naye. Nilimpenda sana saa ile, na nilijionea aibu.

Tuliteremka kwa miguu kuelekea mjini, maana alisema anataka hewa. Kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, tukingoja ibadilike, nikamwomba msamaha kwa kumcheka. Akasema alikuwa anajua. Halafu akanieleza, akiangalia magari, kwamba mume wake alikuwa mwalimu, na alipofariki, yeye alikusanya karatasi zake zote ili watoto wapate pensheni: za shule, za ndoa, za kazi. Akazipeleka katika ofisi moja, akampa mtu mmoja mwenye maneno mazuri. Hakuchukua nakala. Hakuomba saini, kwa sababu alikuwa kwenye kilio na aliona ni vibaya kumsumbua mtu.

"Mimi, sekretari," akasema. "Niliporudi, akaniambia, mama, hatukuona kitu. Mara sita nilirudi. Hatukuona kitu."

Taa ikawa ya kijani. Akanishika mkono tukavuka.

Ada ya kozi ililipwa mwisho wa mwezi, kamili. Nilisoma mwaka ule, nikiendelea kusuka Jumamosi, na mikono yangu ikapata nguvu yenyewe kwa kuinua wazee wa watu. Siku niliyopewa cheti sikwenda nyumbani. Nilikwenda saluni, nikiwa nimevaa sare, nikamkabidhi Mama mbele ya wateja wote.

Akavaa miwani. Akasoma kila kitu, na jina la mpiga chapa kule chini. Akaukagua muhuri, akaridhika.

"Fotokopi iko wapi?"

Nilikuwa nazo mbili. Moja akaitia katika kopo la biskuti. Kwenye ile nyingine akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, wa kulala upande mmoja: Reçu, yaani imepokelewa. Akaweka tarehe. Akaangalia saa ya ukutani, akaweka saa. Akasaini. Kisha akatafuta mezani kwa macho, na nilijua anatafuta nini.

"Cachet sina," akasema.

Kulikuwa na bakuli la rangi nyeusi ya nywele, limechanganywa kwa ajili ya mteja. Akachovya kidole gumba, akakigandamiza kando ya saini yake, akapuliza taratibu mpaka alama ikakauka. Akanirudishia nakala kwa mikono miwili.

"Sasa hata wakisema hawakuona," akaniambia, "mimi niliona."