Likizo Niliyotumwa Kujifunza Kufundisha Viziwi

Barua iliyonipeleka Homa Bay ilisomwa vibaya na hedimasta wetu, na siwezi kumlaumu kwa sababu hata mimi niliisoma vivyo hivyo. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule moja karibu na Kosele, msichana wa miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Barua ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa kwa taipu, na ilisema kwamba kila shule ichague mwalimu mmoja aende kwenye mafunzo ya likizo ya Agosti, wiki mbili, juu ya kufundisha watoto maalumu.

Hedimasta alilirudia lile neno maalumu mara kadhaa. Mwisho akasema serikali imeona kuna watoto wenye akili nyingi kuliko wenzao na sasa inataka wafundishwe kivyao, wapite mtihani, waende sekondari. Mimi ndiye niliyekuwa na alama nzuri za chuo, kwa hiyo akaniteua mimi. Kabla ya shule kufungwa aliwaita wazazi akawaambia kwamba muhula ujao mwalimu wao atarudi na ujuzi mpya wa kuwanoa watoto wanaong'ara. Wazazi walipiga makofi. Mama yangu alinishonea gauni.

Nilifika Homa Bay Jumatatu asubuhi, nikaelekezwa kwenye shule ya misheni juu kidogo ya ziwa. Tulikuwa walimu kumi na wanane, wengine kutoka Migori na mpakani kwa Wakuria, wengine kutoka visiwani. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Akaingia sista mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye uso mwembamba, akasimama mbele yetu bila kusema neno. Akaanza kuchezesha midomo. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Tukatazamana. Jirani yangu, mwalimu wa makamo kutoka kisiwa cha Takawiri, aliniuliza kwa kunong'ona kama nasikia anachosema, nikamwambia sisikii, akashusha pumzi. Alidhani masikio yake yamezibwa na maji ya ziwa.

Hatimaye sista akatoa sauti. Alisema kwa Kiswahili safi cha vitabu kwamba hivyo ndivyo mtoto kiziwi anavyotuona sisi kila siku, na kwamba kwa wiki mbili tutajifunza namna ya kumfanya mtoto huyo aseme.

Nilidhani nimeingia chumba kisichokuwa changu. Wakati wa chai nilimfuata yule mwalimu wa Takawiri nikamuuliza kama yeye alijua mafunzo ni ya viziwi. Akasema hakujua. Yeye aliambiwa ni mafunzo ya kupandishwa cheo. Tulisimama pale na vikombe vyetu, tukiangalia ziwa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kwenda kwa sista kumwambia kwamba tumekuja kwa makosa. Na kurudi nyumbani siku ile ile ningewezaje, na gauni jipya mwilini?

Basi nikakaa. Tulifundishwa kwa kioo na kwa unyoya wa kuku. Unyoya unaushika mbele ya mdomo, unasema pa, unaruka. Unasema ma, hauruki. Mkono wa mtoto unauweka kooni kwako ahisi sauti ikitetemeka, kisha unauweka kooni kwake mwenyewe ili aitafute sauti kama ile. Sista alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi kwao Ulaya, na alipoionyesha ilionekana rahisi. Amri yake kubwa ilikuwa moja: mikono ya mtoto ikae mapajani. Mtoto akianza kusema kwa mikono, unaishika taratibu, unairudisha mapajani, unamwonyesha midomo yako. Alituambia kwamba mikono ni ya uvivu, na kwamba mtoto anayeachiwa mikono hatasema kamwe.

Siku ya tatu tulifanya zoezi wawili wawili. Mwalimu wa Takawiri alinitia pamba masikioni, akafunga kitambaa juu yake, akakaa mbele yangu akasema neno. Nikasema, "Mama." Akatikisa kichwa. Akasema tena. Nikasema tena ni mama. Akatikisa kichwa. Kumbe alikuwa akisema baba. Tukabadilishana, na yeye pia akashindwa. Tulichukua kioo tukajitazama: mama na baba kwenye midomo ni kitu kimoja, hakuna tofauti hata ya unywele. Mwalimu akanyoosha mkono akamweleza sista. Sista alikubali kwamba ni kweli, akasema mtoto ataelewa kutokana na habari inayozungumzwa. Mwalimu akauliza tena, safari hii kwa upole sana, kwamba mtoto huyu atasoma midomo ya lugha gani, maana nyumbani ni Dholuo, sokoni Kiswahili, na darasani Kiingereza.  Sista akasema lugha moja tu, ili asichanganyikiwe, na kwa kuwa mitihani ni ya Kiingereza, iwe Kiingereza.

Niliyaandika yote hayo katika daftari langu. Nilipoyasoma jioni, sikuelewa ni nani aliyekusudiwa asichanganyikiwe.

Wiki ya pili waliletwa watoto wa kufanyia mazoezi, kila walimu wawili mtoto mmoja. Sisi tulipewa msichana wa miaka tisa hivi kutoka upande wa Oyugis, aliyelelewa na nyanya yake. Alikuwa mwembamba, ana macho ya haraka, na alijua jambo kabla hujalimaliza. Mwenzangu alishika unyoya, mimi nilishika koo. Niliuchukua mkono wake nikauweka kooni kwangu nikasema ball, kwa sababu ndilo neno tulilopewa, na mpira mwekundu ulikuwa pale mezani. Nikauhamishia mkono kooni kwake. Alinitazama, akavuta pumzi, akatoa sauti nzito ya ajabu. Sista alipita akatusifu.

Kuanzia siku ya pili, kila aliponiona mlangoni, yule msichana alijishika koo kwa vidole viwili na kutikisa kidogo. Nilijua ana kiu. Safari kutoka bwenini kwao ilikuwa na kilima na jua lilikuwa kali. Nikamletea maji kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote. Kesho yake alijishika koo tena, nikaleta maji, akanywa. Siku moja alijishika koo mara tatu kabla ya saa nne, nami nikaleta maji mara tatu, na mara ya tatu alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Nilimwambia mwenzangu kwamba angalau jambo moja naelewana naye.

Siku ya Alhamisi nyanya yake alikuja kumwona. Alikuwa mama mfupi aliyejifunga shuka kiunoni, amebeba viazi vitamu vilivyochemshwa kwenye kikapu. Msichana alipomwona mikono yake iliruka kutoka mapajani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Aligusa kichwa, akakata hewa, akapuliza, akaonyesha urefu wa mtu, akafanya mabega ya sista yanavyokwenda, na nyanya akajibu kwa mikono yake iliyokunjamana, akacheka mpaka akakaa chini. Waliongea hivyo muda ambao mimi ningeweza kufundisha neno ball mara hamsini. Halafu msichana akanigeukia, akanionyesha kwa nyanya yake, akajishika koo.

Nikainuka. Nilimwambia nyanya kwa Dholuo kwamba mtoto ana kiu, ngoja nilete maji.

"Hana kiu," alisema. "Anakutaja wewe."

Sikuelewa. Nikamuuliza ananitajaje.

"Hilo ndilo jina lako kwake, japuonj," alisema, yaani mwalimu. "Yule anayekaba koo."

Mwalimu wa Takawiri alitazama dirishani. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha bati na sikujua pa kukiweka. Nilihesabu kichwani vikombe vyote alivyokunywa kwa heshima tu, bila kiu, kwa sababu mwalimu kila akitajwa jina lake hukimbia kuchota maji.

Nyanya hakuwa amemaliza. Alisema mtoto amemweleza kwamba hapa akitaka kuongea anashikwa mikono, na yeye alitaka kujua mtoto amekosa nini. Nilimweleza kama nilivyofundishwa: kwamba tunamfundisha aseme. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuutendea haki upande wa pili.

"Lakini anaongea," akasema.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilimwendea sista kwenye ofisi ndogo alimokuwa akipanga vioo ndani ya kasha. Nilimwambia nilichokiona, mikono ya nyanya na ya mtoto. Nilitegemea atakasirika. Hakukasirika. Aliniketisha, akaniuliza katika kijiji chao ni watu wangapi wanaojua ile mikono. Nikasema labda nyanya tu, na shangazi mmoja.

"Nyanya yake akifa," alisema, "ataongea na nani?"

Alisema kwa huzuni ya kweli, na nikaona kwamba amewahi kumwona mtoto wa namna hiyo. Nilimsaidia kufunga kasha, nikatoka. Nyanya alikuwa na haki na sista alikuwa na haki, na mimi nilitakiwa kurudi Kosele nikafundishe.

Tulipewa vyeti Ijumaa. Mwalimu wa Takawiri aliniaga akasema yeye ataendelea kufundisha kilimo na hesabu, na kama mtoto kiziwi atakuja, ataona siku hiyo. Nilimwonea wivu.

Hedimasta alinipokea kwa furaha akataka kuona daftari. Nilimweleza polepole. Aliivua kofia yake, akaivaa, akaniuliza kama nina hakika, kwa maana barua ilisema maalumu. Nikamwambia maalumu ndio hao, viziwi.  Wazazi wa watoto wanaong'ara walikuja siku ya kwanza ya muhula, wamewavisha watoto wao nguo safi, na yeye akawaambia kwamba mpango umeahirishwa. Lakini habari ya kweli ilikuwa imekwishatoka, sijui kwa nani, na wiki iliyofuata walianza kuja wazazi wengine, wale ambao hatukuwahi kuwaona shuleni. Mmoja alileta kijana kiziwi mwenye ndevu. Mwingine mtoto asiyeona. Mwingine alimbeba mgongoni binti ambaye miguu yake haikukua. Walinitazama mimi. Nilikuwa na cheti cha siku kumi na mbili na unyoya wa kuku.

Hedimasta, ambaye angeweza kuwafukuza, alinipa stoo ya majembe iwe darasa, na mara nyingine alikuja mwenyewe kumshika mkono yule asiyeona kumpeleka msalani. Viziwi walikuwa wanne. Asubuhi niliwafundisha midomo kwa kioo, kwa sababu ndivyo nilivyoapa nilipopokea cheti. Mchana, mlango ukiwa umefungwa, niliwaachia mikono, na kwa kuwa sikuijua mikono, siku za soko nilikwenda Oyugis nikakaa na yule nyanya kwenye gunia lake la viazi, yeye na mjukuu wake wakinifundisha. Nilikuwa mwanafunzi mzito. Nilichanganya kulia na kunyesha, kaka na ng'ombe. Mkaguzi alipokuja shuleni kwetu aliwakuta viziwi wangu wamekalia mikono wote wanne, wanatazama midomo yangu, akaandika kwamba kazi inaendelea vizuri. Sikujua kama nilimdanganya.

Mwaka wa pili sista alimpatia yule msichana nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, mbali, ng'ambo ya ziwa. Nyanya aliniuliza kama amwache aende. Nilikaa juu ya gunia, nikamwambia sijui. Akaniuliza kama mimi ningekuwa nyanya yake ningefanyaje. Nikasema ningempeleka, nikajisikia mwongo, ingawa mpaka leo sijui uongo ulikuwa wapi. Akampeleka.

Alirudi likizo ya Desemba, amerefuka, amevaa sare yenye ukosi. Nilikwenda kumsalimu. Alinisalimu kwa mdomo, kwa Kiingereza, sauti ikipanda na kushuka, na baada ya kurudia mara mbili nikaelewa kwamba anasema habari ya asubuhi. Ilikuwa mchana. Kisha akamgeukia nyanya akaanza kusema kwa mikono, na mikono ilikwenda upesi sana, vidole vikijikunja kwa namna ambayo hatujawahi kuiona sisi wawili. Huko bwenini, masista wakiondoka, watoto walikuwa wamejitengenezea lugha yao.

Nyanya alimtazama mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi.

"Anasema nini, japuonj?"

Nikasema sijui. Msichana alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Hakuonekana kusikitika. Alivuta kigoda, akaketi mbele yetu karibu, akaokota kiazi kimoja kutoka kwenye kikapu, akatuonyesha, akafanya ishara yake kwa vidole taratibu sana, akangoja. Nyanya akaiga. Msichana akamrekebisha kidole cha mwisho. Halafu akanigeukia mimi.