Simu ya Walii Kutoka Behewa la Tatu

Alfajiri shemeji yake alimpigia kutoka Depok. "Kaka, nije na pikipiki nikuchukue?"

"Kaa na pikipiki yako," alijibu Pak Tarmuji. "Kwenye treni ya Depok nimeuza karanga za kuchemsha miaka kumi na tisa. Leo nibebwe kama gunia?"

Saa tatu asubuhi alitakiwa kumwozesha bintiye, Yuniarti, huko Depok, kwa kinywa chake mwenyewe. Binti alikulia kwa mama yake baada ya talaka. Ada yake ya shule hakuilipa baba, sherehe hakuichangia. Kilichobaki mikononi mwake ni hicho kimoja tu, uwalii wa kumwozesha.

Saa moja alipanda treni kituo cha Tanah Abang, shati la batiki limepigwa pasi, kofia nyeusi kichwani. Akalala. Ndiyo desturi ya wachuuzi wa zamani: unalala Tanah Abang, mwili wenyewe unakuamsha Depok. Lakini wachuuzi walishaondolewa kwenye mabehewa, na njia ile nayo ilishabadilishwa. Siku hizi wa Depok hushuka Manggarai, wakapanda nyingine. Mwili wake haukuwa na habari.

Alizinduka Bekasi.

"Mama, Depok bado?" alimuuliza jirani yake.

"Depok! Mzee wangu, umepitiliza kwa ndoto. Rudi Manggarai."

Akarudi amesimama, macho kwenye saa. Manggarai miguu ilimpeleka moja kwa moja hadi jukwaa alipokuwa akitulia zamani na kikapu chake. Treni mbili zikaja, zikaondoka. Zote za Bekasi.

"Unasubiri nini hapa, babu?" aliuliza mfagiaji.

"Ya Depok."

"Utasubiri mpaka kiama. Ya Depok siku hizi iko ghorofani!"

Alipokaa kwenye treni ya kweli, behewa la tatu, ilikuwa karibu saa tatu. Ilipofika Cawang, saa tatu na dakika saba, simu ikalia.

"Baba uko wapi?" Yuniarti alikuwa analia. "Msajili wa ndoa ana harusi nyingine saa tatu na nusu. Anasema umpe uwakala wa kuniozesha kwa simu, ama aondoke."

"Mwambie anisubiri, mwanangu. Nakuja."

"Unakuja tangu nizaliwe, baba."

Sauti ya msajili ikaingia: "Sema, Pak Tarmuji. Tamka wazi, mashahidi wasikie."

"Nakupa uwakala..." alinong'ona.

"Haisikiki!"

Mlinzi wa behewa alikuwa ameshamfikia. "Mzee, simu kwa sauti ya chini, tafadhali. Abiria wanasumbuka."

Sauti ile iliyowahi kuuza karanga behewa zima ilikuwepo bado kifuani. Akamtazama mlinzi kama mtu anayeomba maji, kisha akaiachia: "Nakupa uwakala umwozeshe binti yangu, Yuniarti binti Tarmuji!"

Watu wakainua vichwa. Mlinzi akageukia dirishani.

Kwenye simu alisikia msajili akiozesha, bwana harusi akikubali, kisha watu wakapaza sauti pamoja: "Imeswihi! Ndoa imetimia!" Kikafuata kicheko, vyombo vikagongana, na simu ikakatwa, hakujua na nani.

Duren Kalibata. Pasar Minggu Baru. Pasar Minggu. Spika ilivitaja vituo kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiujua, naye akakaa, kofia magotini, akisubiri Depok.