Chang'aa Chini ya Leso

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa hasa, na kila jioni alienda kununua chang'aa. Aliitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaificha chini ya leso, akapita Lindi yote, mtaa wetu wa Kibera, akisalimia watu kana kwamba ametoka dukani kununua chumvi. Pombe ilikuwa ya kaka yangu.

Kaka alifanya mjengo Kawangware, akiwajengea wenye ploti vyumba ambavyo yeye mwenyewe hangeweza kupanga. Alianza kunywa alipofiwa na mkewe, na ikafika mahali mikono ilimtetemeka asubuhi hadi chai inamwagika. Muuguzi wa kliniki moja ya Makina, mwanamke mkali asiyependa mahubiri, alimwambia mama, "Usimkataze ghafla. Mwili umeshazoea, utamdhuru. Apunguze polepole, na ale kwanza." Mama hakuipenda dawa hiyo hata kidogo. Alishusha pumzi, akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, akaenda kununua.

Basi ikawa ugali na omena kwanza, kisha kipimo chake, na kipimo kikipungua wiki baada ya wiki. Kaka akinuna, mama alinuna zaidi. "Niaje, sista," kaka alikuwa akiniambia, "umeona mathe amegeuka mama pima wa kuuza chang'aa? Na bei yake ni kumaliza omena!" Mama alimrushia mwiko, tukacheka hadi majirani wakagonga mabati. Jioni zile nazililia mpaka leo. Kaka alianza kupata usingizi. Alianza hata kumtaja mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi, na mama alimsikiliza bila kumkatiza.

Kisha mtu akamwona mama akitoka kwa muuza pombe. Umbea Kibera hauhitaji miguu. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walijaa chumbani mwetu.

"Dada, umeokoka ama unatucheza?" mmoja wao aliuliza.

Mama alijaribu kuwaeleza maneno ya muuguzi. Walimjibu kwamba shetani naye ana madaktari wake. Wakamwaga pombe mtaroni, wakaanza maombi ya kufunga, kaka akiwa katikati yao na hakuna aliyemruhusu kutoka. Walimpenda, hilo siwezi kuwanyima. Mmoja alimpangusa jasho kwa kitambaa chake cha kichwa.

Siku ya tatu, mchana, kaka alikakamaa, akaanguka, akatupatupa miguu na povu likamtoka mdomoni. Chumba kililipuka kwa shangwe. Kwetu, mtu akianguka hivyo kwenye maombi, watu hujua pepo linatoka. Walipiga makofi, wakapaza wimbo, na mama akawa anapiga kelele juu ya wimbo huo, "Huyu ni mgonjwa! Tumbebeni tumpeleke kliniki!" Sauti yake ilimezwa. Wakadhani naye amepandwa.

Wimbo ulipoisha kaka alikuwa ametulia kabisa. "Ameachiliwa," mmoja wao alisema, akainua mikono juu. Mama alikuwa ameinama, sikio kifuani mwa kaka.

Mazishini walisema amekufa akiwa huru. Mimi ningempokea hata sasa hivi, akiwa bado na harufu ya pombe mdomoni, bora tu asimame pale mlangoni aulize kama kuna chakula.