Dawa Iliyozama Chini ya Chupa

Vita ilipokausha mabomba ya Bukavu, tulichota maji ziwani. Unayaacha kwenye bidoni yatulie, unamimina taratibu yale safi ya juu, uchafu wa chini unatupa. Hata mutoto mdogo alijua hivyo. Mimi, mutengenezaji wa dawa hospitalini, na diploma yangu ukutani, ndiye ambaye sikulifikiria jambo hilo.

Binti yangu alikuwa na kifafa. Dawa yake haipendi maji: unaiyeyusha kwanza kwa alkoli, na ukiimimina kwenye maji inarudi kuwa punje nyeupe, inazama. Kinachoizuia ni gomu, unga unaovutika kama bamia ukilowa. Gomu inazishika punje zikiwa bado changa, zisikue, zisikusanyike. Ukiitia, siropu inakaa sawasawa toka juu mpaka chini. Bila gomu, vijiko vya juu ni maji ya sukari, na vya mwisho vinaweza kuua.

Gomu ikaisha. Ilikuwa inakuja kwa ndege, na uwanja wa ndege ulishashikwa na wenye bunduki. Ningefanya nini? Nilitengeneza chupa ya binti yangu bila gomu, nikaipeleka nyumbani Muhumba kwa mama mkwe wangu, aliyekuwa anamtunza nikiwa kazini.

"Maman, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Nikarudi kazini mbio, maana masasi ya bunduki yalishaanza kulia upande wa mto Ruzizi.

Kumwambia atikise chupa, sikumwambia. Miaka yote gomu ilitufanyia kazi hiyo, na neno lenyewe halikunijia. Lilinijia adhuhuri, niko hospitalini, barabara zimefungwa. Siku tatu! Wenzangu walilala chini ya meza wakiogopa mabomu. Mimi niliogopa kijiko. Nilihesabu vijiko kama mtu anayesali rozari: leo anapewa maji matupu, kesho maji matupu, na siku ile chupa itakapofika chini, Yesu Maria, atalala asiamke.

Siku ya nne asubuhi wenye bunduki walituachia tupite. Nilipanda kilima cha Muhumba viatu mkononi. Mama mkwe alinipokea mlangoni, ameshika chupa, anacheka.

"Dawa yako ilikuwa na uchafu chini, mutoto yangu. Nilimimina ile ya juu, ile ingine nikatupa. Angalia vile iko safi!"

Maweee! Nyuma yake, chumbani, nilisikia kitanda kinagonga ukuta.

Nilimfunga binti yangu mgongoni akiwa bado anarukaruka kwa kifafa, nikashuka naye mpaka hospitali, wakamchoma sindano. Alipona, tuseme hivyo. Alikuwa ameanza kusoma, alikuwa anatusomea kitabu cha sala kwa sauti. Kuanzia siku ile hakuitambua tena hata herufi moja.

Jioni mama mkwe alipiga magoti mbele yangu na mbele ya mume wangu. "Ni mimi nilimuharibu mutoto. Unisamehe."

Nilipaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nilimwona mume wangu ananitazama, na woga ulionishika pale ulizidi ule wa siku zote tatu. Nikamwinua yule maman kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Mama mkwe aliishi miaka saba tena. Kila Pasaka alinishukuru kwa moyo wangu mwema, na kila Pasaka nilimjibu kwamba haina neno.