Koti la Mvua la Papa Ndoyi

Nikisikia mtu redioni anasema wizi utaisha siku adhabu zitakapokuwa kali, naizima redio kabla sijaitupa nje. Si kwamba nabisha. Sisi wa Katoyi adhabu kali tumeijaribu kwa moyo wote, na aliyechaguliwa kuionja kwa niaba ya wezi wote wa Goma alikuwa kaka yangu, mtu ambaye hata embe la jirani likidondoka kwetu alilirudisha.

Tulishuka kutoka vilima vya Masisi tukikimbia vita: mama, kaka na mimi dada yake. Kwanza tukakaa kambini chini ya bashi, zile turubai nyeupe za wakimbizi, kisha tukapata chumba cha mbao Katoyi. Mama akawa anachukua sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku na kuzitembeza mitaani. Kaka akapata chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, na kazi ya kubeba makala, yaani makaa ya kupikia. Katika parseli hiyo hiyo, ndani ya ua mmoja na sisi, alikaa polisi mmoja na mke wake. Nisiwe mwongo, alikuwa mtu mzuri: mcheshi, mwenye kusalimia, na mwenye njaa. Mshahara wake ulikuwa kama mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani, na sote tulikuwa tumezoea kumngoja pamoja naye.

Mkewe aliposhikwa na uchungu, mama na kaka ndio waliomfikisha hospitali, amekalishwa juu ya chukudu, kaka anasukuma, mama anawafokea watu wapishe. Mtoto akazaliwa msichana, wakampa jina la mama yangu. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto mwenye jina lako ni ndoyi wako. Ni wewe mwenyewe umekuja tena, na akilala njaa, umelala njaa wewe. Tangu siku ile mama akamwita yule polisi Papa Ndoyi, na sahani ya ndoyi ikawa inatoka jikoni kwetu kila jioni. Ndoyi hakuwa hata na jino moja, lakini sahani ilirudi imesafishwa mpaka mifupa ya samaki.

Basi msimu mmoja wa mvua, Papa Ndoyi akamuuzia kaka koti lake la mvua, lile la kazini.

"Chukua, mudogo yangu," alimwambia. "Serikali itanipatia ingine."

Tulicheka wote, na yeye akacheka kutuzidi. Koti lilikuwa limechanika kiwiko, mama akalitia kiraka cha bashi. Kaka akawa anashuka na makala yake mvua inapiga, amekauka kama mkubwa fulani. Na hakuwa peke yake. Nusu ya Katoyi ilivaa kitu cha serikali: huyu mkanda, yule buti, mwingine blanketi. Hatukununua kwa wezi, jamani! Tulinunua kwa wenyewe, mchana kweupe, na punguzo tulipewa.

Kisha wizi wa kutumia bunduki ukazidi mjini, na wakubwa wakakasirika. Wakubwa wakikasirika hutungwa sheria. Gari likapita na kipaza sauti: raia yeyote atakayekamatwa na nguo ya askari au ya polisi atapelekwa korti ya jeshi, na huko ni miaka mingi, au kifo. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, maana wiki hiyo walikuwa wameiba hata sufuria yetu.

Kwa bahati mbaya majambazi hawakuwepo gari lilipopita. Waliendelea kuja kama kawaida, wamevaa sare kuanzia kofia mpaka viatu, na mtu aliyevaa kamili namna hiyo nani atamuuliza? Anapigiwa saluti. Sheria ile ilikuwa ya waliovaa kipande kimoja.

Na polisi wetu, aa, sijaona watu walioipenda sheria kama wao. Zamani ukikutwa na mkanda wa polisi, ulipigwa kofi, ukatoa kitu kidogo cha bia, mkaachana kama ndugu. Sasa mkanda ule ule ulikuwa na kifo ndani yake, na kumtoa mtu kwenye kifo ni kazi kubwa, inataka shukrani kubwa. Kila adhabu ilipopanda redioni, hongo ilipanda barabarani siku hiyo hiyo. Walizunguka mitaa yetu kwa bidii ambayo wezi hawakuwahi kufanyiwa.

Watu wenye akili walitupa vitu vyao chooni. Kaka yangu, yeye, alilifua koti. Akalianika, akalikunja vizuri, akaliweka kifuani.

"Unaenda wapi nalo?" nikamuuliza.

"Kulirudisha kwa mwenyewe. Papa Ndoyi ni mutu yetu. Likipotea atapata matatizo kazini."

Mama akasema ni vizuri, amsalimie. Na mimi nikaona ni vizuri. Ndiyo tulivyokuwa: baba wa ndoyi wako hawezi kukufanyia ubaya, hilo halikuhitaji hata kufikiriwa.

Akalipeleka mpaka posti ya polisi. Bila bahati, siku hiyo kamanda alikuwa pale, na kamanda alikuwa ameambiwa na wakubwa wake aonyeshe watu waliokamatwa. Kaka akasimama mlangoni na tabasamu lake lote na koti mikononi. Papa Ndoyi akamwangalia, akamwangalia kamanda, akaruka na kumkamata shingo.

"Shefu, nimemupata moja!"

Kortini kaka alisema yote. Kwamba koti aliuziwa, na aliyemuuzia ni yule pale. Hakimu, mwanajeshi mwenye miwani, akamgeukia Papa Ndoyi.

"Unamjua huyu?"

"Hapana, shefu. Huyu mutu simujui."

Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa. Mgongoni alikuwa amembeba ndoyi, kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa ameenda shambani na hapakuwa na mwingine wa kumwangalia. Mtoto akamwona baba yake, akanyoosha mikono na kupiga kelele za furaha. Papa Ndoyi akatazama dari. Hakimu akaamuru mtoto atolewe nje, anavuruga haki.

Kaka akapewa miaka kumi. Tuliambiwa tushukuru, kwa kuwa korti ilimhurumia: angeweza kunyongwa. Ilisemwa pia kwamba atakuwa mfano kwa wengine. Wezi walikuja Katoyi Jumapili iliyofuata, nadhani hawakuupata ule mfano. Na mvua ya kwanza iliponyesha, Papa Ndoyi akapita mbele ya mlango wetu amelivaa koti, na kiraka cha mama kikiwaka kwenye kiwiko.

Mama aliendelea kutoa ile sahani ya jioni. Hapo ndipo tulipogombana mimi na yeye, kwa sauti ambayo parseli nzima iliisikia.

"Mama, unamlisha aliyemfunga mtoto wako!"

"Ninalisha ndoyi."

"Ndoyi hali vichwa vya samaki!"

"Nyamaza, mutoto."

Kila mara alipompelekea kaka chakula gerezani alimwambia neno moja: "Shati yako ya Jumapili iko. Ninaipiga pasi." Na kweli aliipiga. Kila Jumamosi alichukua lile shati jeupe kwenye msumari, akawasha pasi ya makala, akalinyoosha kola na mikono, akalirudisha. Nguo nyingine za kaka tulikuwa tumeshaziuza ili tumpelekee chakula. Lile halikuguswa. Nilimcheka, lakini yeye na kaka walikuwa wamelifanya shati lile kuwa tarehe ya kutoka.

Vita vikaja tena, safari hii mpaka mjini. Tulilala sakafuni asubuhi nzima, risasi zinapita juu ya mabati. Adhuhuri mtu akaruka ukuta wa mawe na kusukuma mlango wetu. Alikuwa Papa Ndoyi, bila kofia, bila bunduki, macho yamemtoka. Mkewe na mtoto alikuwa amewavusha mpakani siku iliyotangulia. Nje, barabara ilikuwa imejaa sare: suruali, mikanda, buti za watu waliokuwa na haraka. Miezi yote ile ya vipaza sauti haikuwavua nguo watu wengi kama asubuhi ile moja.

"Mama," akasema, "nipatie nguo ya raia. Wakinikuta na hii, wananiua."

Nikainuka. "Huyu mutu simujui!" nikampigia kelele. "Mama, wewe unamjua? Mimi simujui!"

Alipiga magoti. Mama akainuka kutoka sakafuni. Kisha akaenda kwenye msumari.

Nilimshika mkono. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na siyafuti. Akautoa mkono wangu taratibu, akampa yule mtu shati la kaka, limenyooshwa, bado na mistari ya pasi ya Jumamosi. Alilivaa vibaya, vifungo havikukutana na matundu yake, akatoka mbio kuelekea Keshero. Sare aliyoivua aliondoka nayo kwapani akaitupe kichakani, chini amebaki na bukta. Koti aliliacha katikati ya chumba.

"Ndoyi atabaki na baba," mama akasema. Nikalia kwa hasira.

Milango ya gereza ilikuwa imevunjwa saa zile zile. Kaka akafika alasiri mvua ikinyesha, kifua wazi, mbavu zinahesabika, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mama alimkumbatia bila kupiga kelele, akamwachia polepole. Kaka akajifuta uso, akacheka kidogo, akageukia ukuta.

"Mama, shati yangu iko wapi?"

Kaka akautazama msumari, kisha sakafu, akakiona kile kiraka cha bashi. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikaa chini, na meno yake yakaendelea kugongana.

"Alikuwa na baridi?" akauliza.

"Alikuwa na woga," mama akasema.

Nguo pekee ya kiume iliyokuwamo nyumbani ilikuwa lile koti, na hatukumpa. Mama akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho kaka mabegani kama anavyofunga mtoto.

Kesho yake gari lilipita na kipaza sauti. Sauti ilikuwa mpya, ya wenye mji wapya: kila mwenye sare ya askari au ya polisi aipeleke ofisini kabla ya jioni, atakayekutwa nayo ataadhibiwa vikali, awe mfano kwa wengine. Kaka akasimama na kitenge chake cha maua, akaokota koti, akaanza kulikunja vizuri.

"Nipeni mimi nilipeleke," akasema. "Njia ninaijua."

Mama akamnyang'anya, akalisukuma kwenye jiko chini ya sufuria ya maharage. Liliungua kwa moshi mweusi, tukakohoa wote watatu, na maharage yakanuka plastiki. Kaka alikula sahani yake yote, akainua kichwa na kumwuliza mama kama Jumamosi ataanza kupiga pasi kitenge kile.