Mikono ya Fundi Mkasi

Walipoambiwa kituo kitaletewa kocha wa walimu, Fundi Mkasi alijua atakuja mtu wa kaptura na filimbi. Akaja binti mwembamba mwenye daftari, akaamkia vizuri, akavuta kibao hadi nyuma kabisa, karibu na meza ya pasi, akaketi.

Fundi alikuwa ameshona miaka ishirini na minane na kufundisha sita, katika kituo cha ufundi cha watu wazima: chumba kimoja, cherehani saba, wanafunzi kumi na mmoja walioacha shule kila mtu kwa sababu zake. Kufundisha hakufundishwa na mtu. Jina la Mkasi alibandikwa kwa wepesi wa mkono. Mwanafunzi akikwama kidogo tu, yeye keshafika: "Lete hapa mwanangu, tusicheleweshane," na nguo imekwisha mwenyewe bado kaduwaa.

Basi nguo za kituo zilipendeza ajabu. Ila mwaka uliopita, kwenye mtihani, msimamizi alimtoa Fundi nje, na darasa zima likaanguka kwenye kola. Wakianguka tena mwaka huu, darasa linafungwa. Jambo hilo lilimnyima raha, lakini lawama zote aliwatupia wanafunzi na vichwa vyao vigumu.

Baada ya kipindi, binti alisimama mbele ya blauzi zilizotundikwa ukutani.

"Mama, hizi kola kashona nani?"

"Wanafunzi wangu hao!"

"Zote kumi na moja?"

Fundi akaziangalia. Pembe zile zile, mshono ule ule. Mkono huo aliufahamu. Ndio uliomsomeshea wanawe. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Sasa nifanyeje? Niwaache waharibu vitambaa?"

"Wewe unaonaje, mama?"

"Mimi nakuuliza, na wewe unaniuliza! Kocha gani huyu?"

Binti alicheka tu, akangoja. Fundi akatazama huku na huku, akamwona mtoto wa Taratibu, mwanamke waliyembandika jina hilo kwa kushona polepole, akilia kwenye mkeka.

"Nileteeni huyo mtoto," alisema. "Nikimpakata, sitagusa nguo ya mtu."

Wiki tatu alifundisha huku mtoto akiwa mikononi, na aliteseka waziwazi. "Geuza! Siyo hu... Haya, unaonaje mwenyewe?" aliuliza kwa kuuma meno, na darasa likavunjika mbavu. Vitambaa viliharibika kweli. Mtoto alimkojolea mara nne. Kila Alhamisi binti aliketi nyuma, kisha akamuuliza ameona nini leo, na Fundi akagundua kuwa ana la kusema: Taratibu, aliyemdhani mzito, kumbe hupima kila pembe mara mbili kabla ya kukanyaga cherehani.

Siku ya mtihani Fundi alisimama nje ya dirisha na mtoto wake wa kupakata. Taratibu alifika kwenye kola, akakwama, akainua macho kumtafuta. Fundi akamnyanyua mtoto juu kwa mikono miwili. Taratibu akacheka, akafumua, akaanza upya.

Tisa walifaulu, wawili watarudia, na darasa likabaki. Taratibu alimchukua mwanawe, akampa Fundi blauzi aishike. Kola ilikuwa imelalia kushoto kidogo. Hakuna ambaye angesema ni mkono wa Fundi.

"Imepinda, ee? Uninyooshee, Fundi?"

"Thubutu!" alisema Fundi, machozi ya furaha yakimlenga. "Huoni nimepakata mtoto?"

Mtoto alikuwa ameshalala mgongoni kwa mama yake.