Rajab Anayemfundisha Mke Wangu Pikipiki

Jamani, mke wangu Moreen alirudi nyumbani Jumapili na matope magotini, ananuka petroli. Na pikipiki yangu ilikuwa uani, kavu kabisa.

Nikamuuliza katoka wapi.

"Mbuya, kwa Rajab. Ananifundisha pikipiki ya porini."

Mimi ni mtu wa boda, steji nzima ya Bugolobi inanijua. Leo mke wangu anafundishwa pikipiki na mwanaume mwingine?

"Mama Travis, mimi hunioni?"

"Baba Travis, wewe ukiambiwa kitu unasikia?" Akaenda kuoga.

Wiki nzima chakula hakikupita. Kila akisema "Rajab anasema," moyo unanichoma.

Jumapili iliyofuata nikamfuata mpaka machimbo ya zamani ya kokoto, nyuma ya kilima cha Mbuya. Nikamwona huyo Rajab, kijana wa Kinubi, kifua mbele. Kamshika mke wangu kiwiko.

"Simama juu ya vikanyagio. Magoti yalegee. Tazama unakokwenda, usitazame tairi."

Nikatoka kichakani, nikamwambia anipe hiyo pikipiki.

"Vaa kwanza helmeti na vikinga magoti, mzee."

"Nimeanza boda wewe hujaota ndevu." Helmeti nilivaa shingo upande. Vikinga nikavitupa.

Kupanda kilima nilipanda, Moreen ananitazama, nikajiona dume. Kushuka, mkono ukafuata mazoea: nikatoa gia, nikazima injini, ishuke yenyewe. Sisi wa boda ndivyo tunavyookoa petroli.

Kumbe kwenye changarawe injini ndiyo inayokushikilia. Pikipiki ikashika kasi, nikabana breki ya mbele, pikipiki ikabaki, mimi nikaenda. Mfupa wa bega ukalia ka.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Moreen. Alishuka mteremko uleule kwa pikipiki ya pili ya Rajab, kasimama wima, gia ya kwanza, polepole, machozi yanamtoka.

Nami pale chini bado namkodolea Rajab. "Kaa mbali na mke wangu."

Akachuchumaa. "Ssebo, mzee wangu, mke wako alikuja hapa kunibembeleza nikufundishe wewe. Anasema ukimbeba, mkifika mteremko wa Mbuya injini inanyamaza, na yeye huko nyuma anaanza kusali. Nikamwambia mtu wa boda hafundishiki. Akasema basi nifundishe mimi, nami nitamfundisha nyumbani."

Nikamtazama Moreen.

"Nilitaka nijue vizuri kwanza," akasema. "Ungenicheka."

Ningemcheka kweli.

Bega limepona, na mwalimu wangu ni yeye. Wivu bado upo, sidanganyi. Akisema "Rajab anasema" mpaka leo nauma meno. Lakini nateremka Mbuya injini ikinguruma, na mikono yake kiunoni mwangu haibani tena.

Kaka unayemvizia mkeo vichakani, kabla hujamuuliza anakwenda kwa nani, muulize anaogopa nini.